Kupima vinasaba vya saratani ya kurithi: bima kwanza

Kabla ya kutoa damu, chora ukoo wa pande zote mbili: nani aliugua saratani gani, akiwa na umri gani. Umri ndio wenye uzito. Shangazi aliyepata saratani ya titi akiwa na miaka 38 humwambia daktari mengi kuliko bibi aliyeipata akiwa na 80. Na upande wa baba usisahaulike, maana kasoro za BRCA1 na BRCA2 (vinasaba ambavyo vikiharibika huongeza hatari ya saratani ya titi na ovari) hupitia kwa baba vilevile, kila mtoto kwa uwezekano wa 50%. Mchoro huo mpelekee daktari wa saratani, kwa mfano pale Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, Kampala.

Apimwe kwanza ndugu aliyeugua, kama yu hai. Akianza mzima na jibu likawa safi, hamtajua kama ukoo hauna kasoro au yeye tu kaikwepa.

Kipimo cha mate: usile wala kunywa nusu saa kabla.

Jibu la “badiliko lisilojulikana maana” huwapata zaidi Waafrika, kwa kuwa hifadhidata za vinasaba zimejaa Wazungu. Usikubali kukatwa titi kwa jibu hilo peke yake.

Bima ya maisha, kama unaitaka, ikate kabla ya kupima. Fomu ikiuliza magonjwa ya ukoo, sema kweli. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa. Sheria ya Marekani ya 2008, inayokataza ubaguzi kwa sababu ya vinasaba, haikulindi Kampala (hata kwao haigusi bima ya maisha). Ya Uganda ya 2019, ya kulinda data binafsi, huhesabu rekodi za afya kuwa data maalumu, kwa hiyo soma idhini mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi.