SOMO: Kufunga rimu za Hilux na Land Cruiser kwenye tela dogo

Naandika hili mara moja ili anayeuliza aelekezwe hapa. Swali ni lilelile kila wiki: "Nina tela la rimu za inchi 13, nataka kuliwekea matairi ya gari langu la porini, nifanyeje?"

Wazo lenyewe ni zuri sana. Spea moja inatosha gari na tela. Tairi kubwa halitumbukii kwenye kila shimo. Na tela likiwa na upana sawa na gari, linapita kwenye njia ambayo gari limeshaikanyaga, halijichimbii mtaro wake. Anayetoa vitunguu Mang'ola kuvipandisha Karatu wakati wa masika anajua hilo lina maana gani.

Ila kazi hii huanza na habu, yaani kile kitovu kinachozunguka kwenye ekseli na kufungiwa rimu. Wengi hununua rimu kwanza, halafu ndipo wanaanza kutafuta pa kuzifunga.

Hatua ya 1: Pima duara la bolti.
Hilux ya 4WD, Prado, na Land Cruiser za zamani (60, 80, na 70 za kabla ya 1999) zina bolti 6 kwenye duara la mm 139.7. Land Cruiser 79 ina bolti 5, mm 150. Land Rover Defender ya zamani ni 5, mm 165.1. Suzuki Jimny ni 5, mm 139.7. Kwa bolti 6, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoikabili. Bolti 5 hazikabiliani, kwa hiyo pima mbili zilizo jirani, uzidishe kwa 1.7. Ukipata mm 82 hiyo ni Jimny, 88 ni Land Cruiser 79, 97 ni Defender. Tumia rula ya chuma.

Hatua ya 2: Tafuta habu.
Habu ya tela lenye bolti 4 kwenye mm 100 haina nyama ya kutosha kutobolewa duara jipya la mm 139.7. Nunua habu ya duara lako inayokubali beringi za ekseli uliyonayo, au badilisha ekseli nzima. Ekseli ya nyuma ya gari bovu, ikiwa na difu yake, iache: ni nzito na inakokoteka bure. Na tafadhali, ekseli iliyotengenezwa kubeba kilo 500 inabaki ya kilo 500 hata uifunge tairi la lori.

Hatua ya 3: Angalia nafasi.
Tairi la 155/80 R13 lina kimo cha mm 578 hivi. La 235/85 R16 lina mm 806. Maana yake tela zima linapanda kwa mm 114, na tairi linahitaji nafasi hiyohiyo zaidi chini ya madigadi. Usipime tela likiwa tupu. Pima springi zikiwa zimelala kabisa, kisha acha sentimita 5 juu.

Hatua ya 4: Angalia rimu inakaa wapi.
Rimu yenye tumbo lililotokeza nje inasukuma tairi mbali na bodi. Inapendeza machoni, ila mzigo unahamia kwenye beringi ya nje, ambayo mara nyingi ndiyo ndogo, na ekseli inapindwa zaidi. Katikati ya tairi inatakiwa iangukie kati ya beringi mbili.

Hatua ya 5: Zuia tela lisitembee, piga jeki, weka stendi, toa habu za zamani.

Hatua ya 6: Beringi.
Grisi iingie katikati ya rola, si kupakwa juu juu. Kaza nati ya katikati huku ukizungusha habu, ilegeze, kisha ikaze tena kwa vidole tu. Weka pini mpya ya kuzuia nati isilegee.

Hatua ya 7: Nati. Hapa soma taratibu.
Tela moja niliyoletewa lilikuwa na vumbi jekundu la kutu likichirizika kutoka kila tundu la rimu, kama michirizi ya machozi. Nilipovua tairi, matundu yalikuwa yameshakuwa na umbo la yai, na bolti mbili zilikatika kwa mkono. Mwenyewe alikuwa anakaza nati kila safari na hakuelewa kwa nini zinalegea. Kisa ni kwamba rimu zilikuwa za chuma lakini nati zilitoka kwenye rimu za aloi za Toyota, zile zenye wosha bapa. Rimu ya chuma inataka nati yenye ncha ya koni, kwa sababu koni ndiyo inayoingia kwenye tundu na kuivuta rimu ikae katikati. Wosha bapa inaibana tu kwa juu. Barabarani rimu inacheza kidogo kidogo, inakula bolti, na siku moja tairi linakupita ukiwa unaendesha. Linaweza kumkuta mtu pembeni ya barabara.

Kwa hiyo: nati ya koni kwa rimu ya chuma, nati ya rimu hiyohiyo kwa aloi. Angalia na uzi. Toyota yenye bolti za M12 (unene wa mm 12) ina uzi wa 1.5, yaani mm 1.5 kutoka jino hadi jino; Nissan Patrol za zamani na Suzuki wana 1.25. Nati isiyo yake inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inang'ang'ania. Ukilazimisha na bomba umeua bolti. Nati ianze kwa vidole, na ishike angalau mizunguko 8. Uso wa habu na wa rimu usiwe na rangi nene wala kutu, maana rangi inasagika na nati zinabaki hewani. Tundu la katikati la rimu lipite kwenye kitovu cha habu bila kugongwa nyundo. Kaza kwa mtindo wa nyota, Nm 110 hivi kwa M12 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza, kinasomwa kwenye spana ya kipimo). Rudia kukaza baada ya kilomita 50, tena baada ya 100.

Hatua ya 8: Sawazisha mkono wa tela.
Tela limepanda, ndoano ya gari iko palepale. Pandisha kiungo hadi tela lilale sawa. Likiinamia mbele linakandamiza gari, likiinukia mbele linayumba.

Hatua ya 9: Upepo.
Tela jepesi halihitaji upepo wa gari lililojaa. Anza na psi 28, likidundadunda punguza. Ukitembea kilomita 15, simama, gusa habu zote mbili. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, rudi hatua ya 6.

MASWALI

Chaka: Mkuu nina rimu za Prado, zitaingia kwenye tela langu?
Jibu: Hatua ya 1. Hujasema tela lako lina bolti ngapi.

Chaka: Bolti 4. Fundi anasema atatoboa matundu mapya kwenye rimu.
Jibu: Usikubali. Tundu la rimu lina mdomo wa koni uliobonyezwa kiwandani, na chuma cha pale kimeumbwa kubeba nguvu hiyo. Drili haiwezi kuurudisha. Badilisha habu.

Chaka: Wenzako wanafanya na hakuna kilichotokea.
Jibu: Hatua ya 7, soma tena. Mimi nimeshajibu.

Mama Neema: Shikamoo fundi. Tela letu lina breki za kujisukuma zenyewe, zile zinazoshika tela likilisukuma gari. Tairi kubwa halitaziathiri?
Jibu: Marahaba mama, hili ni swali zuri mno. Zinaathirika. Breki haijabadilika, lakini tairi limekuwa na mkono mrefu zaidi wa kuishinda. Kutoka mm 578 hadi 806, nguvu ya kusimamisha inapungua kwa asilimia 28 hivi. Tumieni tairi la kimo cha chini: la Jimny, 205/70 R15, lina mm 668 tu, mkapoteza asilimia 13. Ikiwa lazima liwe kubwa, tafuteni ekseli yenye ngoma kubwa zaidi, na mpunguze mzigo kwenye miteremko.

Dereva wa Haydom: Kiongozi, 79 yangu ni ya baada ya 2007. Magurudumu ya mbele yako mapana kuliko ya nyuma. Tela lifuate yapi?
Jibu: Umeangalia vizuri, wengi hawalioni hilo. Tofauti ni karibu mm 95 upande hadi upande. Mimi ningefuata ya mbele. Njia ya mbele nayo imeshakanyagwa, na tela lililopandishwa linatulia zaidi likiwa pana. Kumbuka bolti zake ni M14, hiyo Nm 110 haikuhusu. Fuata kitabu cha gari.

Kitunguu: Spesa je, lile bamba la kuweka kati ya habu na rimu? Nimeona adapta ya kutoka bolti 4 kwenda 6.
Jibu: Inasukuma tairi nje. Hatua ya 4.

Mzee Grisi: Niongeze moja. Wanaovuka mito wasiingie habu zikiwa za moto. Hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, inavuta maji kupitia sili, ule mpira unaoziba habu.
Jibu: Asante sana mzee, kweli kabisa. Subirini robo saa ukingoni. Na mkishavuka maji marefu, grisi ikitoka na rangi ya maziwa ujue maji yameingia: fungua, osha, paka mpya na weka sili mpya.

Mama Neema: Sili ya zamani ikionekana nzima nayo tutoe?
Jibu: Itoeni mama. Ikishang'olewa mdomo wake hupinda, hata kama jicho halioni.