Klachi ya pikipiki aina ya CG: vipuri na maandalizi

Usifungue kava la klachi kabla vipuri vyote havijawa mezani. Maelezo haya ni ya pikipiki za Kichina za cc 125 na 150 zenye injini ya muundo wa Honda CG125. Boxer na TVS zina vipuri vyake. Usinunue kwa kukisia.

Hakikisha kwanza tatizo ni klachi. Injini ikinguruma mlimani na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Gia zikigonga na nyutro ikikataa kuingia, klachi haiachii. Kebo peke yake huweza kuleta dalili zote mbili: ncha ya mkono wa klachi itembee bure milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta.

Nunua seti ya pleti za msuguano (mara nyingi 5, baadhi 6), springi zote, kwa kawaida 4, gasketi ya kava, klipu ya kitovu (kiini cha klachi kinachobeba pleti) na oili kama lita 1. Oili iandikwe JASO MA au MA2, alama za oili ya pikipiki ambazo klachi yake hukaa ndani ya oili. Oili nyingi nyepesi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo hufanya pleti mpya ziteleze hata kama umefunga kila kitu sawasawa. Loweka pleti za msuguano kwenye oili safi angalau nusu saa. Zikifungwa kavu huweza kuungua mara ya kwanza pikipiki inapoondoka.

Vifaa: spana za boksi namba 8 na 10, koleo la klipu, kalipa (ya kupima unene), fila geji (vibati vyembamba vya kupima mwanya) na kipande cha kioo. Injini nyingine hufunga kitovu kwa nati yenye nafasi nne badala ya klipu. Tafuta boksi yake. Patasi huharibu nati na kumwaga vipande vya chuma ndani ya injini.

Mwaga oili, toa kiki, fungua kebo. Bolti za kava hazilingani urefu, hivyo zichomeke kwenye katoni kwa mpangilio wake. Presha pleti (inayobana pleti nyingine) ya CG iko nyuma, kwa hiyo ukishatoa springi na klipu, kitovu na pleti hutoka pamoja. Kumbuka mpangilio.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: watu hubadilisha pleti za msuguano tu. Zile mpya huwa na unene wa takriban milimita 3. Chini ya 2.6 zimekwisha. Laza kila pleti ya chuma juu ya kioo: fila ya milimita 0.20 ikipita, imepinda, na iliyogeuka bluu imeungua. Kagua pia vidole vya hausingi, yaani ndoo ya klachi inayozunguka pleti. Meno ya pleti yakichimba mashimo, pleti hukwama humo na klachi haiachii. Alama ndogo zisawazishe kwa tupa; zikiwa za kina, badilisha hausingi.

Unapofunga, anza na umalizie kwa pleti ya msuguano, na upande mkali wa kila pleti ya chuma uelekee upande mmoja. Kabla ya kukaza, hakikisha meno ya presha pleti yameingia kwenye kitovu. Kaza bolti za springi kwa kukingamana, kidogo kidogo, hadi Nm 10 hivi.

Ukishafunga kava na kujaza oili, ipime kwa kuchomeka kijiti bila kukizungusha. Rekebisha kebo tena baada ya siku chache, pleti zikishakaa.