Amplifaya ya besi kwa anayeishi ghorofani: tazama mgongo wake kwanza

Wapiga gitaa la besi wengi wanaoniuliza kuhusu amplifaya huanza na swali moja: ni wati ngapi? Naelewa kwa nini. Wati ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na ndiyo muuzaji anayoitaja kabla hujauliza. Lakini kwa mtu anayeishi fleti, ana watu juu na watu chini, na Jumamosi anaitwa kupiga kwenye sendofu ya wageni 150, wati ni jambo la tatu au la nne. La kwanza ni matundu ya kuchomekea waya yaliyo nyuma ya amplifaya. Hayo ndiyo yanayoamua kama utafanya mazoezi saa nne usiku bila kugongewa mlango, na kama fundi mitambo ukumbini atakupokea vizuri au atakunja uso.

Naandika kwa uzoefu wa Dar es Salaam, kwenye bendi ndogo za dansi na ibada za Jumapili. Aliye Nairobi au Mombasa atakuta mambo ni yaleyale.

Hatua ya 1: Jua sauti yako inaenda wapi

Uzi wa E wa besi ukipigwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, yaani hezi 41. Uzi mnene wa gitaa la kawaida ni hezi 82. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8 hewani. Ukuta wa tofali unaozuia maongezi ya jirani na sauti ya televisheni yake hauna nguvu kubwa mbele ya wimbi la namna hiyo. Tena si hewa tu inayolibeba. Boksi likikaa sakafuni, mtetemo unaingia kwenye zege na kusafiri jengo zima.

Nilipokuwa nimepanga ghorofa ya tatu Sinza, mama wa chini alipanda kunigongea saa mbili usiku. Hakulalamika kelele. Alisema glasi zake zinalia kabatini na hajui kinachozitikisa ni nini. Nilikuwa napiga kwa sauti ambayo mimi niliiona ya chini kabisa, amplifaya ikiwa juu ya vigae, imesukumwa kwenye kona. Nilimwomba radhi, na usiku uleule nikabadilisha mambo matatu ambayo nayafuata mpaka leo.

Kwanza niliitoa konani, kwa sababu kuta mbili na sakafu zikikutana huikuza besi bila wewe kugusa kitufe. Pili niliinyanyua, nikaiweka kwenye stuli yenye kipande cha sponji nene ya godoro. Tatu nilipunguza besi na kuongeza sauti za kati. Hili la tatu ndilo gumu kulikubali. Sauti inapokuwa ndogo, sikio la binadamu husikia noti nene kwa udhaifu zaidi kuliko zile za kati. Kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha besi, unaongeza, unaongeza tena, na jirani ndiye anayepokea ile nyongeza. Ongeza sauti za kati badala yake. Utasikia kila noti, na utasikia pia makosa ya vidole vyako, na kusahihisha hayo ndiko kunakoitwa mazoezi.

Hatua ya 2: Geuza amplifaya

Ukifika dukani usianze kwa kuangalia uso wake. Igeuze, maana kwenye amplifaya nyingi matundu yako nyuma (kwenye nyingine yako juu au mbele, basi yatafute hapo). Utafute vitu vitatu.

Tundu la hedifoni, na hakikisha spika inanyamaza ukichomeka. Hili kwa mkaa fleti halina mjadala.

Tundu la kuingiza muziki kutoka kwenye simu. Unaweka wimbo unaojifunza, unapiga pamoja nao humohumo kwenye hedifoni. Mpiga besi anayejifunza peke yake kimyakimya bila ngoma hukuza tabia ya kukimbia, na huigundua siku ya kwanza akikutana na mpiga drams.

Tundu la XLR la pini tatu, linalopokea waya wa aina ileile ya maikrofoni. Hili ndilo linaloigeuza amplifaya ndogo kuwa ya ukumbini. Waya unatoka hapo, unaingia kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti), na besi inawafikia watu kupitia spika kubwa za ukumbi. Amplifaya yako inabaki na kazi moja tu: wewe na mpiga drams mjisikie. Nimeona wapiga besi wamejikongoja na maboksi mazito kwenda kwenye ukumbi ambao tayari una spika za inchi 18. Ikiwa karibu na tundu hilo kuna swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti, shukuru, maana ndiyo tiba ya mlio wa "mmmm" unaotokea amplifaya na mikisa zikichomekwa kwenye soketi tofauti. Ikate kwa swichi hiyo. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ya umeme. Ukigusa nyuzi za besi huku mdomo uko kwenye maikrofoni, ile ethi ndiyo iliyosimama kati yako na mshtuko wa umeme.

Mfano: Fender Rumble 25 ina tundu la hedifoni na la simu, lakini XLR haina. Rumble 40 na Rumble 100 zote zinayo. Kwa mtu anayetaka kutoka nyumbani siku moja, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya wati 15.

Hatua ya 3: Sasa tuongelee wati, na spika

Kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio linakitambua kwa kusikiliza kwa makini. Ili watu waseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takriban mara kumi ya wati. Kwa hiyo usiumize mfuko kwa kuruka kutoka wati 80 kwenda 100.

Kwa chumbani, wati 10 hadi 25 zinatosha na kubaki. Kwa bendi yenye drams halisi, mimi sishuki chini ya 100, na hiyo ni pale ambapo XLR inaenda kwenye mikisa. Mahali ambapo hakuna mikisa ya kupokea besi, kama bustani ya baa yenye spika mbili za waimbaji tu, 200 hadi 300 ndiyo salama. Besi inakula nguvu. Ukishuka oktava moja kwa ukubwa uleule wa sauti, koni ya spika inapaswa kusogea mara nne zaidi.

Hapo ndipo spika inapoingia. Spika ya inchi 8 haitoi hezi 41 kwa nguvu ya maana. Inatoa zile sauti za juu za noti hiyohiyo, hezi 82 na kuendelea, na sikio linajaza pengo lenyewe. Nyumbani hilo si kasoro. Kwa fleti ni neema, kwa sababu kile kisichotoka hakimfikii jirani. Ukumbini chukua inchi 10 au 12. Msiamini kwamba 15 lazima iwe nene kuliko 10 mbili. Umbo la boksi na muundo wa spika vina usemi mkubwa kuliko kipenyo. Na kwa besi ya dansi, ile ya noti fupi zinazotembea na kuitana na drams, mimi napenda 10, kwa kuwa noti inafika ikiwa na ncha yake.

Hatua ya 4: Uzito na umeme

Mwaka 1969 Ampeg walitoa SVT, amplifaya ya valvu (taa za kioo za kukuzia sauti) ya wati 300, na kichwa chake peke yake, yaani amplifaya bila spika, kilizidi kilo 35 kabla ya kubeba kabineti ya spika nane. Leo Rumble 100 ina kilo 10 hivi, unaibeba kwa mkono mmoja na besi mgongoni. Jiulize unasafiri na nini. Kwenye bajaji hata kilo 17 zinapita. Kwa daladala ya jioni, au ghorofa nne bila lifti baada ya shughuli kuisha saa nane usiku, kilo 10 ndiyo mwisho wangu.

Umeme: soma kibandiko kilicho karibu na soketi ya umeme. Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Kikisema 120 pekee, ilitengenezwa kwa soko la Marekani, na ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha utaiunguza. Kikisema 100–240 huna wasiwasi. Umeme unapopanda na kushuka, au ukumbi ukiwa kwenye jenereta, weka stabilaiza.

Hatua ya 5: Kujaribu iliyotumika

Nenda na besi yako na waya wako. Piga E wazi, kisha panda noti moja moja taratibu mpaka katikati ya shingo, ukisikiliza kama kuna noti inayokwaruza au boksi linalotikisika. Zungusha kila kitufe. Mkwaruzo mdogo husafishika, lakini sauti inayokatika ni jambo lingine. Tikisa jeki ya waya ikiwa tunduni. Zima, kisha ikiwezekana bonyeza koni kwa vidole vya mikono miwili, kwa upole na kwa usawa. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Halafu iache inapiga kwa nusu saa. Amplifaya nyingi mbovu huwa nzima kwa dakika 10 za kwanza, na muuzaji anayekataa hiyo nusu saa amekwishakujibu.

Kama ningenunua moja tu leo kwa nyumbani na kwa shughuli ndogo: boksi moja, wati 100, inchi 10 au 12, hedifoni, tundu la simu, XLR, isiyozidi kilo 10 hivi. Hiyo ndiyo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mwanza: Kaka, kwa sasa sina hela ya amplifaya. Naweza kuchomeka besi kwenye sabufa ya nyumbani?*

Itatoa sauti, ila dhaifu na isiyo na uhai, kwa sababu tundu lile limetengenezwa kwa ajili ya simu na deki, halikutengenezwa kwa pikapu za besi (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi). Utashawishika kuongeza mpaka mwisho, na hapo pigo moja la kidole gumba linaweza kuchana koni. Ukipata kifaa kidogo cha hedifoni cha kuchomeka kwenye besi, au kadi ya sauti ya kompyuta yenye tundu la gitaa, utapata mazoezi bora zaidi, na sabufa ya familia itabaki salama.

*Kutoka Arusha: Hedifoni zangu ni za bluetooth. Zitafaa?*

Kwa kusikiliza nyimbo zinafaa, kwa kupiga hapana. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti, na ucheleweshaji huo unaharibu mkono wako: utazoea kupiga kabla ya wakati. Tumia za waya, zile zinazofunika sikio lote.

*Kutoka Mombasa: Napigia kanisani na vyombo vyote viko pale. Nahitaji amplifaya kweli?*

Dada, kama kuna kiboksi cha DI (kinachopeleka besi moja kwa moja kwenye mikisa) na monita nzuri mbele yako, yaani spika inayokuelekea wewe, huhitaji. Zungumza na fundi mitambo akupe besi ya kutosha kwenye monita, na monita hiyo iwe ya inchi 12 au zaidi. Tatizo huanza pale monita moja inapogawanywa kati ya waimbaji wanne na wewe: wao wanataka sauti zao, besi inashushwa, na unabaki unapiga kwa kukisia. Hapo amplifaya ndogo nyuma ya kisigino chako inaokoa ibada.

*Kutoka Morogoro: Nina besi ya nyuzi tano. Uzi wa B hausikiki vizuri kwenye inchi 8 yangu. Nibadilishe uzi?*

Uzi hauna kosa. B ni hezi 31, na spika yako haifiki huko. Jaribu kupunguza kitufe cha besi na kuongeza sauti za kati za chini; noti itakuwa wazi zaidi, ingawa haitakuwa nene. Sikiliza B hiyohiyo kwenye hedifoni nzuri kabla hujatumia hela.

*Kutoka Nairobi: Nimeuziwa kichwa kilichoandikwa omu 4 na kabineti ya omu 8. Nimeibiwa?*

Hapana. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Kama kichwa si cha valvu, omu 4 kwa kawaida ni kiwango cha chini ambacho kinavumilia, kwa hiyo kabineti ya 8 ni salama, ila utapata sehemu tu ya wati zilizoandikwa. Siku ukiongeza kabineti ya pili ya omu 8, mbili hizo zitakuwa 4 na utapata nguvu yote. Usiongeze ya tatu. Na unganisha kwa waya wa spika. Waya wa gitaa unafanana nao kwa nje, lakini ndani ni mwembamba na utapata moto.

*Huyohuyo wa Nairobi: Kichwa chenyewe ni cha valvu. Naweza kufanya mazoezi kwa hedifoni bila kuunganisha kabineti?*

Hapana, ndugu yangu. Na kama ni cha valvu, jibu langu la juu kuhusu omu halikuhusu: kabineti ilingane na omu zilizoandikwa kwenye kichwa. Cha valvu usikiwashe kamwe bila kabineti, isipokuwa maelezo ya mtengenezaji yanasema wazi kwamba kinaruhusu. Kinaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti, na hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote humo ndani.