Jinsi ya kutengeneza sembe ya kinu kama walivyofanya bibi zetu wa kusini

Watu wengi siku hizi wanajua unga ni kitu cha dukani, au unapeleka mahindi mashineni ukirudi umebeba unga. Lakini kwa wanawake wa vijijini Ruvuma, Mtwara na Lindi, kabla mashine hazijafika, unga mweupe wa ugali ulikua ni kazi ya siku tatu nne na ilifanyika baada ya kutoka shamba, sio badala ya shamba. Naandika ivi kwa sababu wale mabibi wanaondoka na ujuzi wao, na mtu akisoma tu "walitwanga" anadhani ni nguvu tu. Nguvu ni nusu, nusu nyingine ni kujua unyevu wa mahindi kila hatua.

Anza na mahindi makavu meupe, kilo mbili tatu zinatosha kama ndo mara yako ya kwanza. Zamani mahindi ya kula yalikaa na magunzi yake kwenye dungu juu ya jiko, moshi unafukuza wadudu, na mama anashusha yanayotosha anapukuchua kwa mkono. Kuhifadhi kwa staili hiyo siku hizi sikushauri sana, maana tangu mdudu dumuzi aonekane Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 (wengine wanamwita skania) yeye anapenda mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, anayageuza vumbi. Pukuchua, kausha vizuri, hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Alafu chagua, punje moja moja kwenye ungo, na hapa naomba usiharakishe. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, toa utupe kabisa, hata kuku usimpe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiishi kwa kuloweka wala kwa kupika. Ukambani kule Kenya mwaka 2004 walikufa watu zaidi ya 100 kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 2016 ikaja ikaua watu Dodoma na Manyara.

Sasa kukoboa. Kinu kiwe cha mti mgumu, na kama ni kipya twanga kwanza pumba humo ndani mara kadhaa uzimwage, vile vibanzi vya mti vitoke. Mimina mahindi yasifike nusu ya kinu, nyunyizia maji kiganja kimoja au viwili, changanya na mkono, acha kidogo ganda lilainike. Maji ndo siri yote, yakiwa machache punje zinaruka nje na kupasuka, yakizidi inakua uji na ganda halitoki. Twanga kwa kuuinua mchi na kuuacha ushuke kwa uzito wake wenyewe, mikono inauongoza tu, ukiukandamiza mabega yatakuua kabla hujamaliza. Utasikia sauti ikibadilika, mwanzo inagonga kavu, ganda likianza kuachia inakua nzito ya chini. Walikua wanatwanga wawili hata watatu kinu kimoja, mmoja akishusha mwenzake anainua, na nyimbo za kutwangia zilikua ndo saa yao, ukipoteza mdundo michi inagongana. Na humo kwenye nyimbo ndo mke alipata nafasi ya kusema yaliyomkera ya nyumba ya mumewe bila kuambiwa ana mdomo.

Toa upepete kwenye ungo, upepo uwe unatoka nyuma au ubavuni kwako. Rusha juu kidogo, pokea, rusha, pumba zinatangulia mbele ya ungo unazisukuma nje kwenye chombo chake. Rudisha kinuni yale ambayo bado yana ganda, maji kidogo tena, twanga, pepeta. Mara mbili au tatu punje zinabaki nyeupe bila ganda wala kiini.

Osha, weka kwenye chungu au ndoo, jaza maji yafunike, funika. Siku mbili hadi tatu, kwenye baridi ya milimani inaweza kuzidi. Usipime kwa kalenda, chukua punje uibonyeze kwa kucha, ikivunjika kama chaki mpaka katikati imeiva, na harufu iwe ya uchachu msafi kama togwa. Ikinuka uvundo hapana, mwaga. Mama mwenye familia kubwa alikua na vyungu viwili au zaidi vilivyopishana siku, kimoja kinaiva kingine ndo kinaanza, kwaiyo unga haukatiki, na hesabu hiyo yote iko kichwani huku analima, anateka maji na mtoto yuko mgongoni.

Zikiwa tayari suuza mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, chuja kwenye ungo au tenga, acha zikauke juu juu. Zisidondoshe maji lakini ndani ziwe bado na unyevu, ndo maana kutwanga mara hii ni kwepesi kuliko kukoboa. Twanga, chekecha, chenga zirudi kinuni mpaka ziishe. Zile za mwisho ngumu waliziacha wakapikia uji au wakapika kama wali.

Unga unaotoka ni mbichi, hauna siku mbili bila kuharibika, kwaiyo anika siku hiyo hiyo juani kwenye jamvi safi, tandaza mwembamba, ukiugeuza geuza na kuvunja mabonge, na mtoto mmoja akae hapo na fimbo ya kufukuza kuku. Ukishika ukawa unateleza vidoleni bila kushikana umekauka. Ugali wake ni mweupe sana, laini, una ka uchachu kwa mbali, na ukiula na kisamvu cha nazi au kunde utaelewa kwa nini wazee wa huko bado wanaona unga wa mashine hauna ladha. Ila ujue virutubisho vingi vimeondoka na pumba na kiini, kwaiyo mboga isiwe ya kugusia.

Pumba zilizobaki ni chakula kizuri cha kuku na nguruwe, ila zina mafuta ya kiini zinachacha haraka, zianike na zitumike ndani ya siku chache.