Kurudi kwenye mazoezi baada ya upasuaji wa sakafu ya nyonga: hatua kwa hatua

Sakafu ya nyonga ni misuli ya chini ya nyonga inayoshikilia kizazi na kibofu, na mwongozo huu ni kwa mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kurekebisha kushuka kwa kizazi, kibofu au ukuta wa uke. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na jambo ninalolisisitiza kwa kila mgonjwa ni kwamba kinachotishia mshono si kuchoka kwa miguu wala mikono, bali ni shinikizo linaloshuka kutoka tumboni kila unapojikamua, unapokohoa au unapobeba kitu kizito. Maumivu huisha mapema kuliko kovu linavyokomaa. Hata jeraha la ngozi, baada ya miezi 3, huwa limerudisha takribani asilimia 80 tu ya uimara wake wa awali. Kwa hiyo kujisikia vizuri si ruhusa ya kubeba mizigo, na maagizo ya daktari aliyekupasua yatangulie muda wowote ninaoutaja hapa.

Hatua ya 1: Wiki 2 za mwanzo

Zoezi lako ni kutembea kwa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, juu ya ardhi tambarare. Ukiwa kitandani, chezesha vifundo vya miguu juu na chini ili damu isituame. Usiinuke moja kwa moja kutoka chali: kunja magoti, geuka ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono huku ukitoa pumzi.

Choo nacho ni sehemu ya mazoezi, na ndipo wengi huharibu kazi ya daktari bila kujua. Weka miguu juu ya kigoda ili magoti yawe juu kuliko nyonga, inama mbele, egemeza viwiko mapajani, legeza tumbo na utoe pumzi taratibu bila kujikamua. Kunywa maji ya kutosha, na choo kikiwa kigumu omba dawa ya kukilainisha mapema.

Nenda hospitali bila kungoja ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, damu inayolowesha pedi kwa haraka, mkojo kukataa kutoka, kuvimba na kuuma kwa shavu la mguu mmoja, au kifua kubana na pumzi kukatika.

Hatua ya 2: Kuamsha misuli ya sakafu ya nyonga yenyewe

Anza baada ya mpira wa mkojo kutolewa na daktari kukuruhusu. Lala chali, magoti yamekunjwa. Kaza njia ya nyuma kana kwamba unazuia hewa isitoke, endeleza mkazo huo mbele hadi kwenye njia ya mkojo, kisha uvute juu kwa ndani. Shikilia kwa sekunde 3 huku ukiendelea kupumua, halafu achia kabisa na upumzike kabla ya kurudia. Matako yakijikaza au pumzi ikikwama, umetumia nguvu kupita kiasi; punguza. Kuachia kuna uzito sawa na kukaza, kwa sababu msuli usiolegea huchoka na kuuma. Ongeza taratibu hadi sekunde 10, mara 10, mara 3 kwa siku. Zoea pia kukaza kabla ya kukohoa au kupiga chafya.

Hatua ya 3: Hadi wiki ya 6

Refusha matembezi kidogo kidogo hadi dakika 30. Madaktari wengi huweka kikomo cha mzigo kati ya kilo 2 na 5 katika kipindi hiki, na mtoto wa mwaka mmoja huwa amevuka kiwango hicho kwa mbali. Keti chini, mwache apande mwenyewe mapajani.

Hatua ya 4: Wiki ya 6 hadi ya 12

Ukishakaguliwa na daktari, anza kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kuketi na kusimama kutoka kitini, na kujisukuma ukutani. Kila mara, toa pumzi wakati wa kutumia nguvu. Kuogelea kungoje kidonda kifunge na uchafu ukome. Mazoezi ya kuinuka kutoka chali na ya kuinua miguu yote miwili kwa pamoja yaache kwanza.

Jipime jioni na kesho yake asubuhi, si wakati wa zoezi tu. Ukihisi uzito au kitu kinachoshuka ukeni, ukivuja mkojo, au ukiona damu mpya, rudi hatua moja nyuma na umwarifu daktari wako.

Hatua ya 5: Baada ya miezi 3

Vyuma virudi kwa uzito mdogo, ukiongeza marudio kabla ya kuongeza kilo. Kuhusu kukimbia sina haraka, na mara nyingi hupendekeza kungoja kati ya miezi 3 na 6. Kabla ya kuanza, uweze kutembea haraka kwa dakika 30, kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, na kurukaruka papo hapo mara 10, yote bila kuhisi uzito ukeni wala kuvuja mkojo. Ukifaulu, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia kwa dakika 15, kisha pumzika siku nzima kabla ya kurudia.