Unaajiri kaunti na unataka Waogiek, Wasengwer au Waaweer wawe ndani? Anza hivi

Hizi ni jamii ndogo za Kenya ambazo tangu zamani ziliishi msituni kwa kuwinda na kurina asali, na mara nyingi zinaachwa nje ya kazi za kaunti. Watu wengi wa HR kaunti wakisikia asilimia 30 wanatulia, ati sisi tuko sawa. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la hapo, lakini hiyo 30 unaweza kuijaza yote na makabila mengine makubwa na bado hakuna Mwogiek hata mmoja ofisini. Kwa hivyo kwanza hesabu kila jamii kwa jina lake, na uangalie wako jobu grupu gani, sio wako wangapi tu.

Alafu angalia fomu yako ya onlaini. Kama orodha ya makabila haina Ogiek, kijana Mwogiek wa Nessuit, Nakuru, atabofya Kalenjin na hutajua aliwahi kuomba.

Tangazo nalo, ukiweka kwa gazeti na kwa tovuti pekee, Mwogiek wa Mariashoni ama Mwaweer wa Basuba huko Lamu atalisikia dedlaini ishapita. Tuma kwa machifu, makanisa, misikiti, redio za lugha zao na magrupu ya WhatsApp ya vijana, acha wiki tatu hivi, na ukubali barua iletwe kwa mkono ofisi ya wadi, sio kila mtu ako karibu na saiba.

Vyeti ndio shida kubwa. Kwa msitu wa Embobut nyumba za Wasengwer zilichomwa 2014 wakifukuzwa, na nyumba ikiungua cheti cha shule na kitambulisho vinaenda nayo. Usimtupe mtu nje kwa sababu hana karatasi ya KCSE mkononi, baraza la mitihani KNEC wanaweza kukuthibitishia matokeo. Na zile klirensi, yaani vyeti vya kuonyesha mtu hana makosa wala madeni, za polisi, KRA (ushuru), HELB (mkopo wa masomo) na CRB (rekodi ya mikopo), ngoja mpaka umpe kazi, maana kumlipisha mtu cheti cha polisi na nauli ya kwenda kuweka alama za vidole kabla hata ya intavyuu ni kumfungia mlango.

Mwenzako kwa paneli akisema huo ni upendeleo, mfungulie Katiba kifungu cha 56, inasema waziwazi jamii zilizotengwa zipewe nafasi maalum za kupata kazi.

Sasa ameingia, na hapa ndio watu huharibu. Jina Dorobo, ambalo watu huwaitia Waogiek, lisisikike ofisini hata kwa utani, ni tusi. Lakini kubwa zaidi ni hili, kaunti za msitu wa Mau mtu wa Ogiek akiwa idara ya mazingira utaona bosi anamtuma yeye akaongee na watu wake juu ya kuhama msitu, kwa sababu ati anajua lugha, na Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua Mei 2017 kwamba serikali ilikiuka haki za hao Waogiek kwa kuwafukuza huko Mau. Jioni anarudi kwa mamake akisema nini? Andika kabisa kwa barua yake ya kazi kwamba anaweza kukataa safari kama hiyo na isiguse apreizo yake, mkalimani tafuteni kwingine mlipe. Probesheni ikiisha muitie kikao cha promosheni kama wenzake, na kama alikuwa amekataa safari, msimamizi aliyemtuma asikae kwa hiyo paneli.