Ukienda Kampala kuwasomea watoto

Wewe wa Nairobi uliyepata nafasi ya kujitolea Kampala au Kigali kuwatia watoto hamu ya kusoma, usijaze begi vitabu vya Kiingereza. Ingia tovuti ya African Storybook, tafuta hadithi za Kiluganda au Kinyarwanda, uzichapishe. Ni za bure na leseni yake inaruhusu. Ukifika, mwombe mwalimu wa huko azisome kwa sauti, nawe uwaonyeshe watoto picha. Usione haya kuwa msaidizi. Lugha ni yao.

Hadithi ikiisha, achana na maswali ya mtihani. Uliza tu warudiwe sehemu gani. (Kama kuna fisi, jibu unalijua.) Vitabu navyo vikae mahali mkono wa mtoto unafika, visifungiwe kabatini ofisini hadi siku ya wageni.

Jambo la mwisho ni karatasi: omba mapema cheti cha maadili mema cha polisi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kisha ukachukuliwe alama za vidole Huduma Centre. Mashirika mengi yanayoshughulika na watoto hukidai, na foleni ya Huduma Centre ya GPO, Nairobi, haijui kwamba basi lako linaondoka kesho.